Somo la Tano Alilolikosa Mzee Maige

Pale Kiseke wamo wanaume walioachwa na wake zao kwa sababu ya pombe, wamo walioachwa kwa sababu ya mke wa pili, na yumo mmoja aliyeachwa kwa sababu ya kuku. Lakini Mzee Maige ndiye pekee aliyeachwa kwa sababu ya cheti.

Cheti chenyewe kilikuwa kizuri. Kilikuwa na mhuri, sahihi mbili na maua ya dhahabu yaliyochorwa pembeni, na kilisema kwamba Bwana Maige, mkazi wa Kiseke, amehitimu mafunzo ya jioni ya wiki sita katika Mawasiliano Baina ya Watu. Mzee Maige alikitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ilipokuwa picha ya harusi yake. Picha ya harusi ilihamia kwenye korido, karibu na mita ya umeme, ambako giza lilimfanya bibi harusi afanane na bwana harusi.

Ili kumwelewa mzee huyu, sharti ujue alikotoka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtangazaji wa kivuko. Yeye ndiye aliyesimama gatini na kipaza sauti, akiwaambia abiria wa Kamanga washuke kwenye magari, wenye mbuzi wazishike kamba, na yule mama mwenye tenga la dagaa asiliweke njiani. Maelfu ya watu walimsikia kila siku na hakuna aliyewahi kumjibu. Alipostaafu alibaki na sauti bila gati. Ndipo alipoliona tangazo la mafunzo mlangoni mwa ukumbi mmoja jirani, akawa wa kwanza kuandikisha jina.

Mwalimu alikuwa dada mmoja mpole wa Kirumba aitwaye Najat. Mzee Maige alikaa mstari wa mbele, kalamu mbili mfukoni, ya pili ikiwa ya akiba. Alijifunza kwamba mume na mke wanapoketi mezani, mmoja ni mtuma ujumbe na mwingine ni mpokea ujumbe. Ujumbe hupita kwenye njia. Njiani kuna kelele, na kelele si lazima zisikike: njaa ni kelele, hasira ni kelele, hata kiatu kinachobana ni kelele. Kinachorudi kwa aliyetuma kinaitwa mrejesho, na pasipo mrejesho hakuna mawasiliano, kuna matangazo tu. Sentensi hiyo ya mwisho ilimchoma kidogo, lakini aliiandika.

Kilichompendeza kuliko yote ni lugha ya mwili. Anayekwepa macho ana la kuficha. Anayetikisa mguu amechoka na mazungumzo. Aliyekunja mikono kifuani amefunga mlango. Mzee Maige aliona hii ni elimu kubwa, maana ilimwezesha kujua mtu anasema nini bila kumsubiri aseme.

Somo la tano lilikuwa Kusikiliza. Hilo hakuhudhuria. Jioni ile alikuwa kwa fundi, akipimisha fremu ya cheti.

Basi elimu ikaingia nyumbani.

"Mama Queen," alimwambia mkewe jioni moja, "chai ya leo isiwe na tangawizi. Ujumbe umefika?"

"Umefika."

"Mrejesho?"

"Mrejesho gani tena?"

"Rudia nilichosema, nijue umekipokea kama nilivyokituma."

Sabina, mkewe wa miaka thelathini na mitano, alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati kinyume. Akaingia jikoni, akarudi na chai yenye tangawizi maradufu. Huo ukawa mrejesho.

Mzee hakukata tamaa. Alinunua daftari, akalipiga mistari: tarehe, ujumbe, njia, kelele, dalili za mwili. Kila Sabina alipofungua mdomo, mzee alifungua daftari. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali, aliwaomba baada ya sala watoe mrejesho, na jumuiya ikahamia nyumba nyingine.

Ikafika Jumatatu. Sabina alitoka jikoni akasimama mlangoni mwa sebule, mikono ameikunja kifuani.

"Baba Queen, nina neno nataka nikwambie."

"Ngoja nichukue daftari."

Alipolipata, alimtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Kabla hujasema, mwili wako umeshasema. Umekunja mikono. Umefunga mlango wa mawasiliano. Ifungue mikono kwanza, ndipo tuzungumze."

"Haifunguki," Sabina akasema, akarudi jikoni.

Mzee Maige akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa masomo ya jioni: *Anakataa kufungua mikono. Ukaidi.* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

Jumanne asubuhi alikuta chupa ya chai mezani, na daftari lake limefunikwa kwa mfuniko wa sufuria. Begi la Sabina halikuwepo. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Kamanga, kwa kaka yake Kija.

Kwa kawaida mwanamume hupewa muda wa kununa. Mzee Maige hakuwa nao. Jumamosi ya wiki hiyohiyo walikuwa wanakuja wazee kutoka Buswelu kumposea kijana wao Nathaniel binti yake, Queen, mwalimu wa shule ya msingi, na posa haipokelewi katika nyumba ambayo mama yake binti ameondoka na begi.

"Baba," Queen alisema Jumatano, mikono kiunoni, "wazee wa Nathaniel wakimkuta mama hayupo watauliza. Tutawajibu nini? Kwamba amekimbia mrejesho?"

"Nimemtumia ujumbe wa sauti."

"Nimeusikia, mama ameurusha kwangu. Dakika tisa, baba! Na umeuanza na 'Tangazo, tangazo.'"

"Ni mazoea."

"Mimi nina miaka thelathini na miwili. Nathaniel ametumia miaka mitatu kumshawishi baba yake. Kamlete mama. Lakini uende kwa desturi ya kwao."

Desturi ya kwao! Katika ukoo wa akina Kija, mume anayemfuata mke aliyerudi kwao hasemi. Huja na mtu wa kumsemea, huketi, huambiwa yote yanayopaswa kuambiwa na mengine yasiyopaswa, na hupewa kazi ya mikono pamoja na wanawake wa nyumba. Mdomo wake hufunguliwa na mkewe, akimpa maji ya kunywa. Akitamka hata neno moja kabla ya maji hayo, hurudi kwake peke yake na kuja tena baada ya gulio. Na gulio lilikuwa Jumapili, yaani siku moja baada ya posa.

Alhamisi asubuhi alivuka na jirani yake Mbaruku, fundi cherehani. Alikuwa amemwandikia hotuba ya kurasa nne, yenye vichwa vya habari.

"Usiruke hata mstari," alimwagiza ndani ya kivuko. "Ukurasa wa pili unahitaji utulie kidogo."

"Bwana Maige, kwa nini usinge..."

"Na ukurasa wa tatu upandishe sauti."

Mbaruku akatazama maji.

Kija, mtu mfupi mwenye tumbo la furaha, alikuwa kibarazani kwake akiwasubiri. Uani, mkewe Selina na wanawake wengine wawili walikuwa wamekaa mkekani mbele ya lundo la viazi vitamu, wanakata michembe ya kuanika. Pembeni yao, mgongo ameugeuzia njia, alikaa Sabina.

"Mwangaluka, shemeji!" Kija akaita, kwa sauti ya mtu aliyetega mtego.

Hiyo ni salamu ambayo Msukuma huijibu hata akiwa usingizini. Mdomo wa Mzee Maige ulikuwa umeshafunguka nusu. Mbaruku akamkanyaga mguu. Jibu likabaki kooni kama mwiba wa sato.

"Anakujibu moyoni," Mbaruku akasema.

"Moyoni kuna nafasi?" akadakia Selina. "Si tumesikia kumejaa cheti?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akadondosha kisu. Sabina hakugeuka.

Wakaketishwa. Mbaruku akazitoa kurasa, akakohoa.

"Hapa imeandikwa, 'Ndugu wakwe, kulitokea kelele katika njia baina ya mtuma ujumbe na mpokea ujumbe.'"

"Kelele?" Kija akashtuka. "Walipigana?"

"Hapana. Ni kelele zisizosikika."

"Kama hazisikiki, nani aliwaambia zipo?"

Mbaruku alifikiri. Akamgeukia Mzee Maige, ambaye macho yalikuwa yamemtoka kwa hamu ya kufafanua. Alikuwa na jibu, tena lenye mifano, ukiwamo ule wa kiatu kinachobana. Lakini mdomo haukuwa wake siku ile. Mbaruku akazikunja zile kurasa taratibu, akazirudisha mfukoni.

"Ndugu zangu, mimi ni fundi nguo. Nguo ikishonwa vibaya haisomewi kurasa nne, inafumuliwa. Huyu mtu amekosa. Amekosa nini, sijui. Nimekaa naye jirani miaka ishirini na sijawahi kumaliza sentensi mbele yake."

"Hapo umesema!" Selina akapiga makofi.

Mzee Maige alimtazama mwakilishi wake kama mtu anayetazama kivuko kikiondoka na begi lake.

Kija naye hakuwa na haraka. Alikuwa na miaka thelathini na mitano ya maneno ya shemeji aliyoyaweka akiba, na leo shemeji hakuwa na mdomo.

"Nyinyi wengine hamkuwahi kumsikia huyu akitangaza," aliwaambia wanawake. "Sisi tulikuwa tunamsikia huku huku ng'ambo. Ng'ombe wangu walikuwa wanarudi zizini wenyewe, wakidhani fisi ameingia kijijini."

Mzee Maige akaminya magoti.

"Siku moja nilivuka naye. Anasema, 'Abiria wote, abiria wote.' Mimi nilikuwa abiria peke yangu!"

Huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Kivuko hakijawahi kuondoka na abiria mmoja, na aliyekuwa na takwimu ni yeye. Akameza mate. Akajiambia: Jumamosi. Buswelu. Queen. Akameza tena.

"Hata hakasiriki," Kija akasema, amekatishwa tamaa kidogo. "Haya, mpeni kazi."

Akapewa kisu, beseni na kigoda, akawekwa mwisho wa mkeka. Akaanza kumenya. Mtu aliyenyimwa mdomo hubaki na macho, na macho ya Mzee Maige hayakuwa na pa kwenda ila kwa Sabina, hatua sita mbele yake.

Kwanza alimsoma kama alivyofundishwa. Amegeuza mgongo: kukataa. Kichwa ameinamisha: uchungu, au dharau. Mkono wa kulia ameukunja kifuani: mlango bado umefungwa. Akataka kulitoa daftari mfukoni ayaandike hayo, lakini vidole vilikuwa vimejaa utomvu wa viazi, vinanata. Ikabidi aendelee kutazama bila kuandika.

Na kadiri alivyotazama, jambo moja likaanza kumsumbua. Sabina alikuwa anakata michembe kwa mkono wa kushoto. Vipande vilitoka vibaya, vingine vinene kama kisigino, vingine vimechanika. Sabina huyu, ambaye vipande vyake vilikuwa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga! Tangu lini akawa wa kushoto?

Beseni likajaa. Sabina akavimwaga vipande kwenye ungo, akainuka kwenda kuanika kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Akaushika ungo kwa kushoto, akauinua kwa kuusukuma na goti, akauegemeza nyongani. Mkono wa kulia haukusaidia. Ulibaki pale pale kifuani. Sabina aliposukumwa kidogo na mbuzi aliyepita, Mzee Maige aliuona uso wake kwa mara ya kwanza siku ile, na uso ule ulikuwa umejikunja kwa maumivu.

*Haifunguki.*

Neno lile la Jumatatu likamrudia, safari hii bila daftari. Hakuwa amesema hataki kuifungua. Alikuwa amesema haifunguki.

Mzee Maige akaweka kisu chini. Akainuka. Kija akanyanyua kidole, akitarajia kumnasa.

"Eh, shemeji! Unataka kusema kitu?"

Mzee akatikisa kichwa. Akamfikia Sabina, akaupokea ungo kutoka nyongani mwake, akaupeleka mwambani. Akaanika kipande kimoja kimoja, akikiweka mbali na mwenzake ili kisishikane. Akarudi, akalichukua beseni la Sabina, akaliweka karibu na lake, akaanza kukata viazi vya wote wawili. Hakuinua macho kuona kama ametazamwa. Hilo peke yake lilikuwa jambo jipya katika maisha yake.

Hata Selina aliacha kukata, na Mbaruku, ambaye alikuwa anajiandaa kuomba chakula, akaahirisha.

Sabina akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kushoto, akamletea mumewe kikombe.

"Kunywa," akasema.

Akanywa yote. Mdomo ukawa wake tena. Watu wote wakakaa vizuri. Mbaruku akazitoa zile kurasa nne, akamsogezea. Mzee hakuzitazama.

"Bega linakuuma tangu lini?"

"Tangu ulipoanza masomo."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo Sabina alipocheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepanda mlima akakuta mlima mwingine.

"Sikukuambia? Nilikuambia mara tatu, Baba Queen. Mara ya kwanza nilisema, 'Hili bega linanitesa.' Ukasema nisilaumu bega, nitumie sentensi inayoanza na mimi. Nikasema, 'Mimi bega linaniuma.' Ukasema vizuri sana, sentensi imekaa sawa, ukaenda kuangalia taarifa ya habari."

Kija akafunika uso kwa viganja.

"Mara ya pili ukaniambia nirudie, uhakikishe. Nikarudia. Ukasema ujumbe umefika. Umefika wapi? Umefika kwenye daftari! Mara ya tatu ni Jumatatu. Nilikuja kukuomba unipeleke hospitali, maana peke yangu naogopa zile mashine. Ukaniambia nifungue mlango."

Mzee Maige alitafuta neno. Alikuwa na mengi, aliyalipia ada. Mtuma ujumbe alikuwepo, ujumbe ulikuwepo, njia ilikuwa wazi, na sasa alijua kelele ilikuwa nani.

"Nilikosea," akasema. "Somo la tano sikuhudhuria."

"Lilikuwa linahusu nini?"

"Kusikiliza."

Selina akaanguka mkekani kwa kicheko, Kija akafuata, akina mama wakafuata, na Mbaruku akazungushazungusha kichwa kama mtu aliyepata jibu la fumbo la miaka ishirini. Sabina alijitahidi kubaki amenuna, lakini midomo ilimponyoka. Mzee Maige alikaa katikati ya kicheko kile, beseni magotini, na kwa mara ya kwanza hakuomba kipaza sauti.

"Utarudi?" akamuuliza mkewe, kwa sauti ya chini.

"Picha yangu irudi juu ya televisheni."

"Itarudi."

"Na cheti?"

Akasita. Mzee ni mzee, na cheti ni cheti. "Kitakwenda kwenye korido," akasema. "Karibu na mita."

"Basi nileteeni begi langu."

Alasiri ile walipanda kivuko, Mbaruku mbele na mfuko wa michembe aliyopewa kama mshahara wa hotuba asiyoimaliza, Mzee Maige na mkewe kwenye benchi la pembeni. Kijana mmoja alikuwa anatangaza kwa kipaza sauti, anameza nusu ya maneno. Mzee alihisi mwili wote ukimwinua akamwoneshe. Akajishika kwenye benchi. Kivuko kikaondoka gatini, upepo wa ziwa ukaanza kuwapiga, na Sabina akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, na mzee alisikiliza kwa nguvu zake zote, mpaka jasho likamtoka kwenye upepo.

Walipofika katikati ya maji, Sabina akanyamaza, akamtazama.

"Haya. Ujumbe umefika?"

"Umefika."

"Rudia nilichosema."

Mzee Maige akavuta pumzi.

"Kesho asubuhi hospitali, mimi na wewe, na ndani nitaingia. Jumamosi wageni ni saa nane, wali atapika Modesta wa jirani kwa sababu wewe hutabeba sufuria. Picha irudi leo kabla hujavua viatu. Wazee wa Buswelu wakiongea nisiwatazame mikono. Na Mbaruku asipewe nafasi ya kusema."

"Nimesikia!" Mbaruku akasema kutoka mbele.

"Umesahau moja," Sabina akasema.

Mzee akapekua kichwa chake chote. Hospitali, wali, picha, mikono, Mbaruku. Hakuna kilichobaki. Akaanza kuhofia kwamba kuna posa nyingine.

"Ipi hiyo, Mama Queen?"

"Nilikwambia tangu tunaondoka gatini kwamba umekaa upande wa bega bovu. Kila wimbi likija unaniegemea."

Mzee Maige akainuka kabla hajamaliza kusikia, akakumbuka, akakaa tena, akasubiri.

"Nimemaliza," Sabina akasema. "Hama sasa."

Akahamia kushoto.